Uji wa Zuhura

Zuhura alikuwa na miaka tisa, na furaha yake haikujua kutembea, ilikimbia tu. Mwaka 1957 yeye na mama yake walitoka Ujiji, Tanganyika, wakamfuata baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Kadutu, Bukavu, nchini Kongo. Kila kitu kilimfurahisha: baridi ya asubuhi, vilima, hata matope! Lakini jirani yao Maman Bibiane alipojifungua, Zuhura alichanganyikiwa kabisa. Kitoto! Watoto wote wa mtaa walikuwa wamekipakata, yeye bado.

Kwao Ujiji, mzazi hupelekewa uji wa pilipili manga. Mama yake akaupika, Zuhura akaubeba kikombeni, akapiga magoti, akakiweka kikombe kwa mikono miwili na kurudi nyuma kwa adabu zote. Wanawake waliokuwepo wakatazamana.

"Aksanti, mutoto ya fundi. Weka tu pale," akasema Maman Bibiane.

Uji ukapoa, ukaota utando. Hakuna aliyemwambia apakate mtoto. Zuhura akarudi nyumbani, kikombe kimejaa na macho yamejaa. Iliuma, tusidanganyane.

"Uliuonja mbele yao?" baba yake akauliza.

"Nionje uji wa mzazi? Bibi angenichapa!"

"Bibi yuko Ujiji. Hapa mwenye kuleta ndiye anayeanza kunywa, watu waone hakuna sumu."

Sumu! Yeye, anayeokota hata vifaranga vya watu vilivyolowa mvua! Alinuna muda wa kupika uji mwingine, basi. Kununa hakukuwa fani yake. Akarudi mbio. Mbele ya wote akainua kikombe, akapiga funda, na jingine, na jingine, asije mtu akasema hakuona.

"We! Utanibakishia kweli?" Maman Bibiane akaangua kicheko, akampokonya kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akamwekea kitoto mapajani. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na chenye joto. Zuhura alitaka kupiga kelele kwa furaha, akaogopa kukiamsha, akabaki ametoa macho tu.

Kesho yake akaja tena. Akapiga magoti, akapeleka kikombe mdomoni. Kabla hakijafika, Maman Bibiane akanyoosha mkono, akakichukua.

"Acha. Weye iko mutoto ya hapa. Unaonja tena juu ya nini?"

Akanywa.