Skrini yangu ya ramani ilimpeleka mwanafunzi jikoni badala ya ofisi ya usajili

Wakuu, salaam. Haya ni ya kweli, na aibu ni yangu mwenyewe.

Kosa nililifanya mwanzoni kabisa: nilichora ramani ya chuo nikiwa nimekaa kwenye kiti. Sikuwahi kusimama mbele ya ukuta ambako skrini ingefungwa.

Programming nimejifunza mwenyewe kwa simu. Chuo kimoja hapa Kibiti kikaniamini niwatengenezee touch screen ya getini: unagusa jina la ofisi, mshale unakuonyesha njia. Kuchagua kijani cha mshale tu kulinichukua siku nne.

(Chuo chenyewe kina majengo sita. Ukipiga chafya getini, jikoni wanakuitikia. Lakini digital ni digital.)

Siku ya uzinduzi utepe ukakatwa, na mkuu wa chuo akamwagiza mlinzi, Mzee Ngwele, aache kuelekeza wageni. Eti anaipinga teknolojia.

Kesho yake, siku ya mwisho ya usajili, akaja binti, Rehema. Katoka Salale, huko deltani, kwa boti kisha gari tangu alfajiri, vyeti kavifunga kwenye mfuko wa nailoni. Saa tisa na nusu. Ofisi inafungwa saa kumi, na asiyesajiliwa nafasi yake anapewa mwingine.

"Shikamoo babu. Usajili ni wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimekatazwa. Muulize huyo bibi harusi wa kioo ukutani."

Akagusa. Mshale ukasema kulia. Akaenda kulia, akatokea jikoni. Akarudi, akagusa tena. Jikoni tena.

"We mtoto," mpishi akapaza sauti, "ubwabwa umeisha!"

Mimi nilikuwa pale pale nafuta alama za vidole kwenye kioo. Ndipo nikaelewa: ramani yangu ina kaskazini juu, lakini ukisimama mbele ya ule ukuta unatazama kusini. Kulia kwa mshale ni kushoto kwako.

Nikafungua laptop kurekebisha. Wakuu, badala ya kuigeuza ramani, nikaanza kupanga mshale ukae katikati ya skrini.

"Kijana, unampambia nani? Mwenzio anafungiwa mlango!" Mzee Ngwele akaacha geti wazi, akamwambia Rehema, "Nifuate," wakakimbia kushoto.

Walimkuta karani kashika kufuli. Rehema akasajiliwa.

Nilichojifunza: njia hujaribiwa kwa miguu, tena ya mgeni. Nanyi mliowahi kupotezwa na kitu cha kisasa, tupeni visa vyenu hapa chini.

Ramani nimeshaigeuza. Siku hizi sichori njia kabla sijaitembea, na Mzee Ngwele ameruhusiwa kuelekeza wageni.