Siku Mama Mkwe Alipopanda Lifti

Kabla hatujafunga lifti katika lile jengo la ghorofa karibu na sokoni, watu wa Sumbawanga tulipanda juu kwa njia moja tu, miguu, na hatukuona tumepungukiwa. Uwanda wa Ufipa wenyewe uko juu kiasi kwamba asubuhi ya mwezi wa saba ukisimama mlangoni unaweza kutundika koti kwenye wingu. Mtu aliyezaliwa huku yuko ghorofani tayari.

Lakini mwenye jengo alitaka lifti, na mimi nilitaka kazi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya umeme shule ya jioni, mchana nabeba zege, jioni nakaa darasani na saruji masikioni. Mhandisi aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuifunga alinichukua niwe msaidizi wake. Baridi ya kwetu ilimpiga hata akawa anafundisha huku meno yanagongana, kwa hiyo elimu yangu ya lifti yote niliipokea ikitetemeka. Alipomaliza akaniachia funguo, akakimbilia pwani kuota jua.

Watu wengi hudhani lifti ni kama ndoo ya kisima: mashine inavuta, ikichoka ndoo inaanguka. Sivyo. Kamba za chuma zinapita juu ya gurudumu kule darini. Upande mmoja kinaning'inia chumba cha abiria, upande wa pili linaning'inia rundo la vyuma vizito, ambalo mimi huliita jiwe. Sasa jiwe hilo halilingani na chumba kitupu. Linapangwa lilingane na chumba chenye nusu ya watu wake. Hapo mashine haibebi kitu, inasukuma tu kidogo, kama mama anayebembeza mtoto. Siku nilipolielewa jambo hili nilikaa chini juu ya ndoo ya rangi, na haikuwa tupu.

Nilimweleza mke wangu tukiwa tunakula. Nikamwambia chumba na jiwe ni kama mimi na mama yake: tumefungwa kamba moja, lakini mmoja akiwa juu mwingine yuko chini, na tukipishana katikati hatutazamani.

"Wewe mwanamume," akasema, "mama yangu usimtie kwenye mitambo yako."

Mama yake anaishi kijijini Mwazye, na ni mtu wa heshima za zamani. Kwake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, na wakiwa na la kuambiana wanamtuma mtu, hata kama wametenganishwa na mlango tu. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona kisigino zaidi kuliko uso. Nikifika kwake napiga hodi kutoka njia panda, yeye anaingia jikoni, mimi nachuchumaa uani, napiga makofi taratibu na kuuamkia ukuta: shikamoo, mama. Ukuta unaitika marahaba, baba. Kisha ukuta unamwambia mtoto aniulize kama nimekula. Nilipendwa sana na ukuta ule. Maharage uliyonitumia mjini yangetosha kufukia Ziwa Rukwa na kuacha kiasi cha mbegu.

Kisha mama mkwe akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanzoni alikuwa anatia chumvi mara mbili. Baadaye akamkaribisha ndama ndani, akakasirika kwamba mgeni haitiki. Ndipo tukasikia daktari bingwa wa macho amekuja kwa siku chache kwenye kliniki iliyopanga ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu. Alikuwa anapasua, anafunga jicho, mtu anarudi nyumbani. Hatujui nani alichelewa kumwambia nani, lakini mama mkwe alifika mjini siku ya mwisho. Daktari angeondoka alasiri ile kwenda Mbeya, na hakuna aliyejua kama angerudi mwaka huu au ujao. Na jicho, walituambia, halikuwa la kusubiri sana.

Walifika watatu: mama mkwe mwenyewe, shemeji yangu, ambaye ni mdogo wa mke wangu, na shangazi yao, yaani wifi yake mama mkwe. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yameshakataa hata kizingiti, sembuse ngazi za ghorofa nne. Mke wangu alishatangulia juu kwa miguu kumshikia nafasi. Nilisimama pembeni, nimeupa mlango wa lifti mgongo, nikaelekeza maamkizi yangu barabarani.

Shemeji alichungulia ndani. "Shemeji, hili sanduku lako lina dirisha?"

"Halina."

"Basi mtu anajuaje kama anakwenda?"

"Anafika."

"Hata marehemu anafika."

Shangazi akasema yeye amekuja kusindikiza mgonjwa, hakuja kusindikizwa. Shemeji akajitolea kumpandisha mama mgongoni kwa ngazi. Mama mkwe, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya amejifunga kanga mbili juu ya sweta, akaugeukia upande ambao alidhani mwanawe yupo.

"Mimi si gunia la mahindi nipakiwe mbele ya mji mzima. Nitaingia humo humo. Ila mwambieni mkwe wangu asiingie."

Mkwe wake hakuwa na nia hiyo. Waliingia watatu, mimi nikapenyeza mkono tu ndani, uso ukiangalia muuza karanga wa ng'ambo ya barabara, nikapapasa nikabonyeza kitufe cha juu kabisa. Nikatoa mkono. Milango ikaanza kufunga. Ilipobaki nafasi ya kupita mbuzi mwembamba, shangazi akatoka. Shemeji akatoka nyuma yake, na mimi nina hakika hakugusa sakafu. Milango ikajifunga, lifti ikaondoka.

"Nimesahau simu kwenye gari," akasema shemeji, huku ameishika.

Sikupata muda wa kumjibu. Umeme ulikatika.

Jenereta ya jengo ilikuwa njiani, kwa maneno ya mwenye jengo, na ilikuwa njiani tangu jengo likiwa msingi. Kliniki ilikuwa na kijenereta chake cha taa na mashine za daktari, basi. Nilipanda zile ngazi kwa kasi ambayo nikiieleza hata mimi siamini, mpaka chumba cha mashine darini. Nikazima swichi kubwa ili umeme ukirudi usinishtukize. Kamba tumezipaka alama za rangi, zinaonyesha chumba kiko wapi. Mama mkwe alikuwa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Kuna simu ya dharura inayotumia betri, kutoka chumba cha mashine hadi ndani ya lifti. Nikaiinua. Mkono ulikuwa unatoka jasho kwenye baridi ya Ufipa, jambo ambalo watu wa hali ya hewa wangetaka kulijua.

"Shikamoo, mama."

Nikamsikia akisema, lakini si kwangu: "Wifi, kuna mtu anasema ukutani. Mwambie marahaba. Muulize mbona taa imezimika, hata mimi nimeiona."

Wifi yake alikuwa chini kwenye korido, ameketi kwenye kiti cha mlinzi.

Mke wangu akatokea mlangoni, anahema. "Daktari anamaliza aliyeko ndani. Anayefuata ni mama. Baada yake anafunga vitu vyake, gari lake lipo chini tayari. Umeme unarudi saa ngapi?"

Swali hilo, Sumbawanga nzima, hakuna aliyewahi kulijibu.

"Tutampandisha bila umeme," nikasema.

"Utamvuta wewe? Na kifua hicho?"

Nikamwonyesha mkono wa breki. Breki ya lifti inafanya kazi kinyume na ya baiskeli: umeme ukikatika, yenyewe inabana. Ukiiachia kwa mkono, upande mzito unashuka. Na siku hiyo upande mzito ulikuwa jiwe. Lilipangwa kwa nusu ya watu wa chumba, na chumbani mlikuwa na mama mmoja wa Mwazye, mwembamba kama ufito. Jiwe lingeshuka, yeye angepanda. Kama wale wasindikizaji wangemsindikiza kweli, na wengine kadhaa kama wao wangebanana mule, ndipo angeshuka, au asingekwenda popote.

Mke wangu alinitazama jinsi anavyomtazama muuza dawa za mvuto. "Una hakika?"

Nilikuwa na hakika kwenye karatasi. Kwenye kamba nilikuwa sijawahi kufanya peke yangu. Nikasema nina hakika.

"Basi mwambie kwanza. Usimshtue."

Nikainua tena simu. "Mama, nataka kuachia breki."

"Wifi, muulize huyo: breki ikiachiwa si tunaanguka?"

"Hutaanguka, mama. Utapanda."

"Wifi, muulize: bila umeme?"

"Bila umeme."

"Muulize, kwa nini?"

Hapo nikakwama kuliko lifti. Sababu ilikuwa moja tu na ilibidi niitaje. "Kwa sababu uko peke yako, mama. Wifi alitoka. Na kijana pia alitoka. Mlango ulipokuwa unafunga."

Nikasikia kanga zinasugua bati. Alikuwa anapapasa kuta zote nne.

"Wametoka," akasema. "Na mimi nimemweleza wifi habari yote ya ng'ombe wa jirani, tangu anaugua mpaka anachinjwa. Nikasema leo wifi ana adabu, hanikatizi."

Akanyamaza. Nilijua anachofanya: anatafuta wa kumtuma kwangu. Alitafuta muda mrefu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majivu. Mke wangu alikuwa ameuma ncha ya kitenge. Kule kliniki nilisikia mlango unafunguliwa, mgonjwa anaagwa.

"Haya, baba," akasema mama mkwe. Ilikuwa kwangu, bila ukuta wala mtoto katikati. "Wewe ndiye unayekijua chombo chako. Niachie."

Nikavuta mkono wa breki, kidogo, nikarudisha. Kamba zilisogea. Macho yangu yalikuwa kwenye alama za rangi, na roho yangu ilikuwa imeshapita bati la paa. Alama ya ghorofa ya tatu ikaja, ikapita. Jiwe lilikuwa linashuka gizani bila kelele, nami navuta na kubana, navuta na kubana, kama anayemshikisha ndama kamba apite darajani.

"Mama, unasikiaje?"

"Nasikia tumbo limebaki chini. Endelea."

Alama ya mwisho ilipolingana na mstari nikabana breki, nikashuka mbio kwenye korido, nikafungua mlango kwa ufunguo wake wa pembe tatu na kuruka pembeni, uso ukutani. Mke wangu akampokea mama yake. Muuguzi alikuwa tayari anaita kwa mara ya pili, na sauti ya kukata tamaa ilikuwa imeanza kuingia. Wakampokea, mlango wa daktari ukafungwa.

Alipotoka umeme ulisharudi, nami nilisharudisha ile swichi kubwa. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe, na daktari alikuwa ameridhika, akasema la pili atalifanya akirudi. Shangazi alikuwa amefika juu kwa ngazi, amejaa pole. Lifti ilipofunguka akataka kuingia na wifi yake. Mama mkwe akamzuia kwa mkono.

"Pumzika, wifi. Umechoka kusindikiza." Kisha akauliza hewani: "Mkwe wangu yupo hapa?"

Nikakohoa.

"Hili limefungwa, na lile lilishafunga lenyewe. Mimi sikuoni, na wewe utaangalia pembeni. Ingia, baba, unishushe."

Niliingia, nikasimama nimeelekea kona kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikabonyeza. Tukashuka, na katikati ya safari akauliza:

"Una ndevu?"

"Ninazo, mama."

"Nilijua. Hata ukutani sauti yako ilikuwa na ndevu."

Chini, milango ikafunguka. Shemeji alikuwa amesimama pale, ameshika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili. Mama mkwe alitoka, akasimama hatua moja kutoka nilipokuwa, na heshima zote za Mwazye zikamrudia palepale.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "mwambie mkwe wangu nimefika salama, nashukuru. Halafu mwambie ndevu azipunguze, maana kesho nafunguliwa jicho."

Nilizipunguza jioni ile, mke wangu akinishikia kioo.