Mama Alisema Minazi Iko Hai

Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema hata nikiletewa maji ya kunywa nayanusa kwanza. Sijali. Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kazi ya kusoma karatasi za ushuru kutwa nzima, na sijaona hata siku moja msamaha uliokuja bila mkia. Leo unasamehewa hiki, kesho unadaiwa kile. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kuniambia kwamba kanisani kwao kumetangazwa msamaha wa ushuru wa mazao kwa wakulima waliopigwa na ukame, sikupiga kigelegele. Nilimuuliza wanataka nini.

"Wanataka niseme minazi imekufa," akasema.

Nilijua uzito wa maneno hayo.

Shamba la mama liko mbele ya Kiembeni, pale nyumba za mawe zinapokwisha na njia ya mchanga inapoanza. Nasema shamba la mama, lakini ardhi si yake. Ardhi ni ya ukoo mmoja wa mjini, na mwenyewe wa sasa anaishi Uarabuni. Hatujawahi kumtia machoni. Babu alikaribishwa apande kwa maneno ya mdomo. Desturi ya kwetu ni kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Ardhi yake, minazi yetu. Kila mwaka tunampa ijara, fungu la nazi, na yeye hawezi kutuondoa bila kutulipa fidia ya kila mnazi ulio hai. Hatuna hati wala ramani. Minazi ndiyo hati. Ikiisha, mama anabaki kuwa bibi kizee aliyejenga nyumba ya udongo kwenye ardhi ya watu, na kaburi la baba liko hapo hapo, nyuma ya jiko.

Na minazi ilikuwa imekufa. Masika ilipita bila mvua tukasema ni mapenzi ya Mungu. Ilipopita tena hatukusema kitu. Makuti yalikauka yakaning'inia, kisha vilele vikaanguka kimoja kimoja, vikabaki vigogo virefu vimesimama bila kichwa, na kunguru juu yake. Ilisalia michache upande wa kisima, nayo ilikuwa inazaa nazi za kuhurumiwa. Mama aliendelea kupeleka alichopata sokoni Kongowea, nazi kidogo, makuti ya kuezekea, mchicha wa kumwagilia kwa kopo. Ushuru wa sokoni haumuulizi mtu kama mvua ilinyesha. Siku nyingine alirudi na nauli tu, na nauli yenyewe wakati mwingine nilimtumia mimi kwa simu.

Kwa hiyo msamaha huo tuliuhitaji, nisijifanye. Ila masharti yake ndiyo yaliyonikereketa. Bwana shamba, yaani afisa wa kilimo, angekuja kuona mazao yaliyoharibika, aandike, kisha kila mnazi uliokufa aupige alama ya rangi nyekundu ili mtu asije akauonyesha mara mbili. Alama nyekundu! Mimi naishi Mikindani, kando ya barabara kuu. Nimeona alama nyekundu zikipigwa kwenye kuta za vibanda vya watu, na nimeona tingatinga likizifuata. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jirani wa mama hakushtuka. Yeye ni mwanamume wa umri wa makamo anayependa kucheka, na shamba lake limepakana na la mama, ardhi ya mwenyewe yule yule. Alimwonyesha bwana shamba vigogo vyote, vikapigwa rangi siku hiyo hiyo. Akaja kumwambia mama asiwe mjinga, serikali ikitoa haigombwi. Mama alimwitikia vizuri, akampa chai, na alipoondoka akanipigia simu kunitaka niende Jumamosi, siku ya zamu yake.

Nilifika mapema, nikaisoma ile karatasi ambayo bwana shamba alikuwa amemwachia alipokuja kwa jirani. Niliisoma kama ninavyosoma za kazini, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu mambo ya kukunyonga huandikwa chini. Sikuona la kunyonga. Lakini palikuwa na nafasi ya kuandika ardhi ni ya nani, na nyingine ya kuandika kilichosalia shambani.

"Kama kunisamehe, mwenye ardhi wamtakia nini?" mama akauliza.

Nilimwambia tutamwomba bwana shamba atupe muda, nikaulizeulize. Mama alikuwa anachambua mchicha mlangoni, hakuinua kichwa. Alisema kuuliza si kubaya.

Pikipiki ikasikika kwenye mchanga. Bwana shamba alikuwa kijana wa bara, shati jeupe, debe la rangi limefungwa mbele kwa mpira. Nyuma yake, amekaa upande mmoja kanzu imekunjwa magotini, alikuwa msimamizi wa mwenye ardhi.

Msimamizi huyo ni mzee wa mjini, mpole, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, na ndiye anayekuja kuchukua ijara kila mwaka. Sasa amekuja na mtu wa serikali, pikipiki moja, kiti kimoja. Nikajisemea, ndiyo hii. Huyu anahesabu maiti, yule anarithi.

"Hodi wenyewe," mzee akasema. "Mwaonaje hali?"

"Karibuni," mama akasema. "Hali njema."

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu. Kijana naye akaona nimeganda.

"Mzee nimempata hapo kwa barabara anatembea, madam," akasema. "Hii jua si ya mtu wa rika yake. Nikambeba tu."

Huenda ni kweli. Jua lilikuwa kali, na mzee alikuwa na vumbi hadi kwenye vifundo vya miguu. Lakini mimi nilitazama viatu vya yule kijana, nikatazama kanzu ya mzee, nikatafuta kitu cha kuwaunganisha, na mtu akitafuta kitu cha aina hiyo hakosi. Niliona wanacheka pamoja kuhusu shimo la njiani. Hilo lilinitosha.

Nilikuwa najiandaa kusema leo hatuko tayari, mama akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso, akasema, "Haya, twende mkaone."

Tulitembea wanne, mama mbele. Kijana alisimama chini ya kigogo cha kwanza. Hakikuwa na kilele, hakikuwa na hata kuti moja, na gome lilikuwa limeanza kubanduka. Alifungua debe akachovya brashi.

"Tuanze na huu, mama. Huu ulikufa, ama?"

"Uko hai," mama akasema.

Kijana akadhani hakusikia. Akamtazama mama, akainua macho kule juu ambako kunguru alikuwa anajikuna, akarudisha macho chini.

"Mama, hauna kichwa."

"Utaota."

Mnazi ukikatika kilele haurudi. Hilo hata mtoto wa chekechea wa pwani analijua. Mama analijua, alizaliwa chini ya minazi. Mzee wa kanzu analijua kuliko sisi sote, na ndiye kijana huyo mgeni aliyemgeukia kutafuta msaada. "Mzee, si wewe unaelewa hii miti?"

Nilimtazama mzee mdomoni. Neno moja tu, akisema umekufa, basi limesemwa mbele ya serikali na mbele ya mwenye ardhi kwa pamoja. Lakini mzee yule alilelewa. Kumwambia mwanamke mtu mzima kwamba anasema uongo, tena nyumbani kwake, tena baada ya kukaribishwa, si jambo analoweza kulifanya mtu wa aina yake hata akilipwa. Alitazama ndara zake.

"Mwenye mti ndiye ajuaye mti wake," akasema.

Tukaendelea. Kila kigogo kijana aliuliza, na kila kigogo mama alijibu uko hai, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu wapi kuna maji. Kimoja kilikuwa kimelala chini kabisa. Kijana hakuuliza, alimwangalia tu. Mama akasema, "Na huo." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na hasira nilikuwa nayo, sijui ya nani. Rangi ilikuwa inamkaukia kijana kwenye brashi.

Mwisho alifunga debe. Aliongea taratibu, na sasa nikikumbuka naona alikuwa anamwonea mama huruma, ingawa wakati ule niliona ni ujanja. "Mama, nikiandika hai, msamaha hautaingia. Utaendelea kulipa kama kawaida. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu. Andika hai."

Akaandika. Mama akatia dole gumba. Msamaha wa ushuru ukapanda pikipiki ukaenda zake.

Mzee alikataa kupakiwa tena, akasema atapumzisha mifupa kwa kutembea. Nilimsindikiza hadi njiani kama ilivyo ada, na pia kwa sababu nilitaka kumchungulia. Tulipofika penye ua wa jirani alisimama.

"Mimi n'litumwa maneno, mwanangu," akasema. "Sasa hayana kazi tena."

"Maneno gani?"

"Mwenyewe yuwasema, alofiwa na minazi mwaka huu asitoe ijara. Ukame ni wa Mungu. Ndiyo napita shamba kwa shamba. Lakini mamako yuwasema yake i hai." Akashusha pumzi. "Mnazi ulo hai una fungu la mwenyewe."

Nilimkazia macho. Uso wake ulikuwa uso wa mtu mkweli, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi, maana nyuso za watu wakweli nimeziona nyingi upande wa pili wa meza. Mtu anayetaka kujua mnazi gani umekufa, awe anataka kukusamehe au awe anataka kukufukuza, anauliza swali lile lile.

"Yako kwa maandishi hayo maneno?" nikamuuliza.

"Maandishi?" Alinitazama kwa masikitiko hasa. "Babu yako alipewa kwa maandishi?"

Akaenda zake, kanzu ikifagia mchanga. Nilibaki pale nimeshikwa na aibu, kisha aibu ikageuka kuwa shaka tena, kwa sababu jibu zuri namna ile linaweza kutolewa na mtu mwema na linaweza kutolewa na mjanja aliyezoea.

Nilirudi nikamweleza mama. Alikuwa amerejea kwenye mchicha wake. Akaniuliza kama namwamini yule mzee. Nikasema sijui. Akaniuliza kama simwamini. Nikasema sijui pia.

"Basi tutatoa ijara," akasema.

"Nazi zitoke wapi, mama?"

"Kwani sokoni hakuna nazi?"

Niligombana naye siku ile. Nilimwambia amekataa misamaha miwili kwa mpigo, na bado atalipa ushuru wa minazi ambayo kunguru ndio wanaoitumia. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Akasema mtu anayedaiwa yupo. "Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Mimi nipo."

Jirani alitucheka kwa muda mrefu. Hakulipa ushuru msimu ule wala ijara, alinunua redio mpya, na jioni ilikuwa inaimba hadi kwetu. Kisha siku moja nilipokwenda nilikuta lori limemwaga mawe ya kujengea kwenye mpaka wake, rundo zima, juu ya mizizi ya vigogo vyenye alama nyekundu. Nilimuuliza mama mawe ni ya nani. Akasema hajauliza. Nikamuuliza jirani, akasema yatajulikana, akacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi kuliko alivyozoea. Huenda anajijengea. Pesa alizookoa zinaweza kumnunulia mawe, si haramu. Mimi kila nikipita nayatazama yale mawe kama yataniambia.

Ijara ilipofika wakati wake, nilishuka Kongowea nikanunua gunia la nazi, nikalipa ushuru langoni, nikalipia na mkokoteni. Mama alizimwaga uani akaanza kuchagua. Nyingine alizisukuma kando kwa mguu.

"Hizi utapikia kwako. Minazi yetu haijawahi kuzaa nazi ndogo hivi."

Zilizobaki alizipanga chini ya kigogo cha kwanza, kile cha kunguru, mahali ambapo ijara imewekwa tangu enzi za babu. Mzee wa kanzu alikuja asubuhi, akaamkiana na mama, wakaulizana afya na watoto na vitukuu. Kisha akainama akaokota nazi moja, akaitikisa sikioni, akasikiliza maji. Aliinua uso akatazama kigogo hadi juu, mahali palipokuwa na mbingu tupu. Nilikaza macho nione kama atatabasamu.

"Mashallah," akasema. "Minazi yenu imezaa."

"Imezaa," mama akasema, akamwongezea mbili juu ya fungu, kama desturi inavyotaka mwaka ukiwa mzuri.