Tangi Lililovuta Pumzi

Fundi mmoja wa magari katika mji wa Klaten huanza kila gari vilevile: hufuta mikono kwa tambara, hulaza sikio juu ya tangi, kisha hunusa mpira wa petroli kama mpishi anusavyo mchuzi. Siku hiyo nyuma yake Wening alisimama na mumewe, Darsono, aliyelipachika gari lao kuukuu injini kubwa na tangi la kujiundia. Lilizimika mara kwa mara wakimkimbiza mama yake Darsono hospitali, hadi akakata roho njiani.

"Niambie kweli, fundi. Injini yangu ndiyo imemuua mama?"

Fundi aliligeukia tangi. Alilegeza kifuniko, tangi likavuta pumzi kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyeibuka majini. Vidole vyake vikafuata kibomba cha hewa, ambacho kikizibwa petroli haifiki kwenye injini, hadi ncha yake, iliyozibwa kwa utepe wa plastiki. Wening ndiye aliyeuzungusha asubuhi ya safari ile, harufu ya petroli isimtapishe mgonjwa. Fundi akaubandua, akamtazama Wening, akaufumbata kiganjani.

"Pampu, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Imezeeka, ikajifia yenyewe."

Darsono akamshika mkewe bega, machozi yakimtoka. "Umesikia? Si sisi."

"Nimesikia," akasema Wening.