Gavana Ambaye Sikumkuta kwenye Orodha

Nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo siamini kitu bila karatasi. Jumapili iliyopita, katika ukumbi wa parokia hapa Kolwezi, nilieleza, nikisoma karatasi yangu, magavana wetu walitoka wapi kabla ya madaraka. Mmoja wao alidai aliwahi kuchimba shaba kwenye mgodi wa Mashamba. Jina lake sikulikuta kwenye orodha ya wachimbaji, nami, nikijiona profesa, nikamwita mwongo mbele ya wote.

Mama mmoja mzee akasimama.

“Ule gavana ni tata yangu, baba mwenye alinizala. Alitumika kazi ya mugodi na karte, kadi yenye jina ya kaka yake mwenye alikufa, juu batoto ba ule kaka bakule.” Akaketi taratibu. “Soma yenye kubakia, mwanangu.”

Karatasi yangu haikuwa na neno lingine kumhusu.