Jogoo Aliyeletwa na Malaika

Nakiri kosa langu la mwezi uliopita, maana hapa Kibaha wengi wanalijua tayari.

Karakana yangu ya useremala pale Maili Moja ilikaa wiki saba bila oda hata ya stuli. Nyumbani tulikula ugali na mchicha mpaka watoto wakaacha kuulizia nyama. Ijumaa nilimwomba Mungu kitoweo, nikaliandika ombi katika daftari langu la maombi, lenye safu ya tarehe na safu ya majibu.

Jumamosi alfajiri nilikuta jogoo mwekundu mlangoni, amefungwa miguu kwa kipande cha khanga.

"Baba Eliya, ulizia kwanza ni wa nani," mke wangu alisema.

"Mama Eliya, usimhoji Mungu," nilimjibu, nikanoa kisu. Kwenye daftari nikaandika: limejibiwa.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, ambapo sadaka za mazao na kuku hupigwa mnada baada ya ibada. Mimi, katibu wa jumuiya, nilisimama kutoa ushuhuda, nikaeleza rangi ya jogoo, ile khanga, hata utamu wa mchuzi.

"Malaika alimleta mlangoni kwangu!" nilimaliza.

Vigelegele vilipotulia, bibi mmoja alisimama nyuma.

"Katibu wa jumuiya, malaika mwenyewe ni mimi, nimetoka Msimbu. Si wewe uliyetangaza kwamba tulio mbali tuache sadaka kwako, uzilete mnadani?"

Mzee wa kanisa anayeendesha mnada alinigeukia, kipaza sauti mkononi.

"Haya, Baba Eliya, tuanzie bei gani?"