Kutoka Mtama Kufuata Madini Joto ya Kilwa

Safari nzima, Mtama hadi Kilwa Masoko na kurudi, imenila shilingi elfu sitini na nane na mia tano. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza sikutaka kuamini. Wala sikwenda kutembea. Mke wangu Somoe ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza, na shingo yake imeanza kuvimba kwa mbele, kama rovu. Kliniki walimtoa damu ya kupima, kisha nesi akataka tumletee kijiko cha chumvi ya nyumbani.

Nilicheka. Mimi ndiye muuza chumvi wa gulioni. Tulipoileta, nesi akaidondoshea dawa, akangoja.

"Yenye madini joto hugeuka zambarau. Hii imebaki nyeupe, baba. Tezi ya shingo inayahitaji, na mama mjamzito anahitaji zaidi, maana ubongo wa mtoto unategemea kazi ya tezi hiyo."

Nikajua nimepunjwa. Gunia nililolitoa Kilwa liliandikwa lina madini joto, na bei yake nililipa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka, ushahidi wangu, chumvi ile, ukiwa ndani ya chupa. Mnazi Mmoja ya Lindi nilibadili gari, nikamshusha konda mia tano ya nauli, nikainunulia korosho alizokuwa akiuza yeye mwenyewe. Tukatoka sare.

Nangurukuru nilifika mchana, na alasiri nikawa kwenye mashamba ya chumvi ya Kilwa Masoko. Mwenye shamba, Bi Hadija, alikuwa ndani ya buti za mpira, reki mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na hela au na kesi?"

"Na kesi."

"Basi kaa. Kesi haiozi."

Alichota chumvi yake, akaidondoshea dawa ile ile: zambarau. Yangu: nyeupe. Nikachagua gunia jingine mwenyewe, nikachota chini kabisa. Zambarau.

"Uliifanyaje?" akauliza.

"Kawaida yangu. Naiosha mchanga utoke, naianika juani siku tatu. Siuzi maji kwa kilo."

Wanawake waliokuwa wakijaza magunia wakaangua kicheko. "Kaka huyu analipia madini joto, halafu anayamwaga uani," mmoja akasema. "Nyasi za kwake haziugui rovu."

Nikaifunga chupa yangu ya ushahidi.

Asubuhi ya pili nilikaa kutazama kazi. Chumvi ilishasafishwa na kuchujwa maji humo humo shambani. Mama mmoja alibeba bomba la mgongoni, kama lile tunalopulizia salfa kwenye mikorosho, akipuliza madini joto huku wawili wakigeuza rundo kwa koleo, punje isirukwe. Bi Hadija akapima pembeni, katikati na chini. Chini ikawa hafifu. Hakugombana na mtu. Rundo lote likarudiwa. Nimefanya biashara miaka kumi na moja, sijaona mtu anayejibana hivyo bila mteja kumsimamia.

Niliomba punguzo, akakataa. Nikaomba tena, akakataa vizuri zaidi. Kisha akanipa pakiti mbili za kilo bure. "Hizi za mjamzito, si zako. Usizioshe. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto, uitie chakula kikikaribia kuiva. Na usimzidishie chumvi. Kidogo kile kile, ila chenye kitu. Kliniki asiache."

Niliporudi Mtama majibu ya damu yalikuwa yametoka: tezi inafanya kazi kivivu. Somoe amepewa vidonge na tarehe ya kurudi. Nesi alisema chumvi peke yake haitaondoa uvimbe, lakini hiyo nzuri aitumie.

Sasa jiko letu linashikwa na mama mkwe, aliyekuja kutoka Sudi kumtunza mwanawe. Siku ya pili nilisikia maji uani. Anaosha chumvi. Somoe alimwambia aache, akajibiwa, "Mkwe wangu gulio zima linamsifu kwa chumvi iliyooshwa. Nimtie aibu nyumbani kwake?"

Sifa hizo nilimsimulia mimi mwenyewe, tena kwa kurudia. Na kwetu mwanamume hamfundishi mkwewe kupika. Pakiti moja imeshakwenda na maji, imebaki moja. Wenzangu wenye wakwe, nishaurini: nimwambieje kabla hajaifungua?